Kutoka Kahama Hadi Jikoni kwa Mama Kevine

Tangu nirudi mmekuwa mkinikamata mmoja mmoja, sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya maji, na kila mmoja anataka nimsimulie Kigali. Nimesimulia vipande hadi vipande vyenyewe vimeanza kugongana, na Mama Rehema anaapa kwamba nilimwambia nimepanda ndege. Sikupanda ndege. Basi nimekaa chini niandike mara moja, msome wote, mniache nipumue. Habari za pasi na mihuri nazipita, hazijawahi kumfurahisha mtu.

Kwa asiyenijua vizuri: mimi ni mwanamke, lakini hapa mjini mnaniita Bwana Afya. Ndilo jina la kazi niliyoifanya hadi kustaafu, ya kukagua majiko, vyoo na visima, na hakuna aliyejisumbua kulibadilisha kwa ajili yangu. Aliyeniita Kigali ni Vestine, binti wa Kinyarwanda aliyekulia Karagwe, ambaye zamani tulifanya kazi pamoja hapa Kahama. Siku hizi yuko kwenye mradi unaopima jinsi maisha ya mtu yanavyomwingia mwilini: chumba anacholala, moshi anaovuta, maji anayokunywa, kodi inayomkosesha usingizi. Familia nyingi zilizochaguliwa zimetoka Burundi na Kongo, zinaelewana kwa Kiswahili, na Vestine alitaka mtu mzima wa kuzungumza nazo.

"Mama, wewe unajua kuongea na watu jikoni kwao," aliniambia kwenye simu.

Nilikubali kabla hajamaliza. Kustaafu kunachosha, hakuna anayewaambia.

Kahama hadi Nyakanazi, kwa mkanda uliokatika

Basi liliondoka Kahama likiwa na afya njema na likaugua Runzewe. Mkanda wa injini ulikatika. Kondakta akatutangazia kwamba ni dakika kumi tu, kwa uso mkavu kabisa, na mimi niliyezoea makondakta nikashuka na mkoba wangu wote. Nilikula supu, nikala chapati, nikala mahindi ya kuchoma, na nilipoanza kufikiria wali na maharage ndipo fundi akatokea akiwa amevaa suti, maana walimtoa harusini.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mfanyabiashara wa mchele aitwaye Anastase, Mnyarwanda wa makamo, mtu wa maneno machache. Muda wote huo hakula kitu barabarani. Alikaa kwenye kivuli cha basi akiwa amevaa ndala, viatu vyake vya ngozi amevifunga kwenye gazeti. Nikamkaribisha mahindi, akashukuru, akakataa. Nikasema moyoni, huyu ananiona mlafi.

Tulipopita Nyakanazi na baadaye Benaco, akafungua lile gazeti. Akatoa kitambaa, akafuta viatu, akavaa, akafuta tena vikiwa mguuni. Nikashindwa kuvumilia.

"Bwana Anastase, unakwenda harusini na wewe?"

"Naingia nyumbani, mama."

"Na nyumbani nani anakuangalia viatu?"

Alifikiri kidogo. "Hakuna mutu. Rakini ataangalia."

Nilicheka peke yangu hadi mpakani. Yeye hakucheka, alikuwa amesema jambo la kawaida tu.

Rusumo, ambapo dagaa waliruhusiwa

Kwenye daraja la Rusumo maji yanaanguka kwa kelele chini yako na huwezi kuyatazama vizuri kwa sababu unasukumwa. Mimi nilikuwa na mzigo wa dagaa wa Mwanza, zawadi ya Vestine, aliyeniambia kwamba Kigali hakosi kitu isipokuwa hao. Nilikuwa nimewafunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, kwa ajili ya harufu.

Askari wa kike, kijana na mpole sana, akaufungua mkoba.

"Mama, iyi plastiki haiingii."

"Ni dagaa, mwanangu."

"Dagaa inaingia. Plastiki haiingii."

"Sasa dagaa wataingiaje peke yao?"

Akainua mabega, akatabasamu, akaningoja. Watu nyuma yangu wakaanza kunishauri kwa lugha tatu. Mwisho nikavua kanga niliyojifunga kiunoni, nikamwaga dagaa humo, nikafunga fundo. Askari akanisaidia kukaza fundo lenyewe, akasema, "Murakaza neza, mama," yaani karibu sana. Nikaingia nchi ya watu nikinuka ziwa.

Anastase alikuwa amenitangulia, akanisubiri kunionyesha magari ya Kigali. Aliniambia pia nirudishe saa yangu nyuma, maana Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Nikasema nitairudisha nikishatulia. Saa yangu ni ya mkononi, ya kuzungusha, na simu yangu ilikuwa imeshakufa chaji. Sikutulia, na saa sikuirudisha.

Rusumo hadi Remera

Huko magari yanapita kulia. Nilikuwa najua, lakini kujua ni kitu kimoja na miguu ni kitu kingine. Nilizunguka upande wa kushoto wa basi dogo nikakuta bati tupu, hakuna mlango. Abiria wote wakanitazama kupitia dirishani nikilikagua gari lao kama nataka kulinunua.

Ndani ya basi hakuna aliyepiga kelele wala kula. Tulipita Kirehe, Ngoma na Kayonza, kilima baada ya kilima, migomba hadi barabarani, kila mbele ya nyumba pamefagiwa. Kanga yangu niliipakata. Mama mmoja akafungua dirisha taratibu, bila kunitazama, na nikamwona kuwa ni mtu mwenye adabu.

Vestine alinipokea Remera, Kigali, akanipeleka kula mtaa wa Gisimenti, kwenye moja ya zile baa zilizopangana. Tukaagiza mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Kwetu mshikaki ni wa kula umesimama. Pale tulikaa hadi nikamaliza soda mbili, nikamaliza habari za Kahama, nikaanza kuwataja marehemu.

"Vestine, wamekwenda kumkamata mbuzi mwenyewe?"

"Mama, hapa ukiagiza unaongea. Chakula kinakuja baadaye."

Basi tukaongea, na hapo ndipo aliponieleza kilichokuwa kinamsumbua. Nyuma ya soko la Kimironko kuna uwanja mmoja wa nyumba za kupanga, vyumba vinavyotazamana, wapangaji wanaopika kwa mkaa. Watoto wa pale wanakohoa kupita kiasi, kliniki inawajua kwa majina. Mradi ukawapa kila nyumba kimashine kidogo cha kupima hewa ya jikoni. Penye hewa mbaya patapata majiko ya gesi, na watoto watafuatiliwa na kliniki bila kulipa. Penye hewa nzuri patafutwa kwenye mradi, maana majiko si mengi.

"Na mashine zinasemaje?"

"Zinasema wale watu wanapikia kanisani." Vestine alisukuma sahani iliyokuwa bado tupu. "Hewa safi kabisa, nyumba zote. Mkubwa wangu anataka kuwafuta. Mimi nadhani mashine ni mbovu. Nataka uende uwaone kwa macho yako kabla ya siku ya kuwasomea majibu."

Mishikaki ikaja. Ilikuwa mizuri kiasi kwamba niliwasamehe wote.

Kimironko, na jiko linalonukia sabuni

Tulikwenda kwa ahadi, saa waliyopangiwa. Mzee Faustin, kiongozi wa umudugudu, yaani wa mtaa, alitupokea getini akiwa amevaa koti. Uwanja ulikuwa umesakafiwa na kufagiwa hadi unaona aibu kukanyaga. Akina mama walitusalimia kwa mikono yote miwili. Kila nyumba ilikuwa na chumba cha mbele, cha kulala, na nyuma jiko dogo la mabati alilojenga mwenye nyumba, lisilo na dirisha hata la kupitisha paka.

Nyumba iliyonikaa moyoni ni ya Mama Kevine. Ni fundi cherehani sokoni pale pale Kimironko, alikulia Bujumbura, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kukimbia huku na huku kama anayepima nguo yako bila wewe kujua. Mtoto wake, Kevine, yuko darasa la pili. Ana adabu ambayo iliniuma: akitaka kukohoa anageukia ukutani, anakohoa kwa mdomo uliofumbwa, halafu anarudi na kukaa sawasawa.

Nikaanza maswali ya mradi.

"Jana mlikula mara ngapi, Mama Kevine?"

"Tumekula muzuri, Mungu ashukuriwe."

"Mara ngapi?"

"Muzuri, mama."

"Na mvua ikinyesha nyumba inavuja?"

"Kidogo tu. Ya kawaida."

Kwa mwendo huo tungefika mbinguni. Nikaomba kuona jiko. Kimashine kilikuwa kwenye msumari wake, cheupe, ukubwa wa redio ndogo, kikiwasha kitaa cha kijani. Sufuria zimefunikwa kifudifudi, majivu hayapo, na chumba chote kinanukia sabuni. Nimekagua majiko karibu maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kukuta jiko la mkaa la kila siku linalonukia hivyo. Nikasema labda ndiyo Kigali. Nilikuwa nimeshamwona Anastase na viatu vyake.

Tulipokuwa tunaaga, Mama Kevine akanivuta kando, karibu na cherehani.

"Mama wa Tanzania, nikuulize kintu. Kwa muganga wa kliniki wananiulizaka kama kuna kintu nyumbani inamusumbua mutoto. Nikasema watu ya mashine, ya Kacyiru, wanapima. Wakasema, leta majibu. Sasa kama majibu iko muzuri, iyi ugonjwa inatoka wapi? Iko kwa damu yake?"

Alikuwa ananiuliza kweli, si kwa kunipima. Nilimwambia tutajua, na nilipokuwa kwenye pikipiki na kofia ngumu ya watu kichwani, nikajilaumu kwa kuahidi.

Kacyiru, kwenye mistari iliyolala

Ofisi ya mradi iko Kacyiru, kati ya wizara na balozi, mahali ambapo hata walinzi wamenyoosha mashati yao kwa pasi. Mkubwa wa Vestine, daktari mwenye sauti ya chini, alinionyesha kwenye kompyuta mistari ya zile nyumba. Ilikuwa imelala chini tangu asubuhi hadi jioni, siku zote.

"Hawa hawana tatizo la hewa," alisema. "Kuna mitaa mingine inaungua. Siwezi kuwapa gesi watu wasioihitaji."

Hakuwa mtu mbaya. Majiko yalikuwa machache na yeye ndiye aliyetakiwa kukata. Vestine akaomba wazijaribu mashine. Akachukua moja iliyorudishwa kutoka uwanja ule, akawasha dawa ya mbu ya kuchoma kando yake, mezani pale pale. Mstari ukaruka hadi juu ya kompyuta.

Mashine ilikuwa nzima. Vestine akazima dawa ya mbu, akafungua dirisha, akakaa. Nilimwonea huruma. Alikuwa anaombea mashine ziwe mbovu.

Kimironko tena, mapema kuliko nilivyojua

Kesho yake nilitangulia peke yangu kumalizia maswali ya Mama Kevine, Vestine anifuate. Nilitazama saa yangu, nikaona naanza kuchelewa, nikamhimiza kijana wa pikipiki hadi akacheka. Kumbe kwa saa ya Kigali nilikuwa nimewahi kwa saa nzima. Geti lilikuwa wazi, Mzee Faustin na koti lake hayupo, na uwanja mzima umejaa moshi.

Mlango wa Mama Kevine ulikuwa umeegeshwa. Nikabisha na kuingia kama tunavyoingia huku kwetu. Sebuleni, juu ya kabati, kwenye kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, kati ya picha ya ubatizo wa Kevine na maua ya plastiki, nikakikuta kimashine. Kimefutwa vumbi. Kitaa chake cha kijani kinawaka kwa raha zake. Mlango wa nyuma umefungwa, na chini yake umezibwa kwa nguo ili moshi usiingie sebuleni.

Nikaufungua. Mama Kevine alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anawasha kwa mabaki ya vitambaa vya kushonea, vile vya kung'aa vya nguo za harusi, na vinatoa moshi mweusi mzito wenye harufu ya mpira. Kevine amesimama kando, sare ya shule tayari mwilini, anapepea kwa kifuniko cha sufuria. Anakohoa, na safari hii hakuna mgeni wa kumgeukia ukutani.

"Mama wee! Umefika mbele ya saa!" Mama Kevine akaruka, akajifuta mikono, akataka kuchukua sufuria, kifagio na mtoto kwa pamoja.

"Mama Kevine, mashine inafanya nini kwenye kabati?"

"Iko saloni."

"Naona iko sebuleni. Kwa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Ni mugeni. Mugeni naye anakaa jikoni? Nikimalizaka kupika, naosha, naiweka kwa musumari, munakuja munaikuta."

"Kila siku?"

"Kila siku. Sijasahau hata moja." Alisema kwa fahari kidogo.

Nikamuuliza kama ni yeye tu. Akasema hapana, ni nyumba zote, na hapo nikakaa kwenye kizingiti. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu wa mbali. Kule kwao kuna isuku, ukaguzi wa usafi. Viongozi wanapita nyumba kwa nyumba, wanaona choo, wanaona jiko, mtaa ulio safi unasifiwa mbele ya watu. Uwanja wao uliwahi kushinda, na Mzee Faustin alipigiwa makofi. Mashine zilipokuja, yeye mwenyewe aliwaambia wapangaji wasimwaibishe.

"Sasa mashine ya Kacyiru niiweke kwenye moshi, iandike nini? Mama Kevine ni mchafu?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na moshi ukanisaidia kuchagua. Nikamwambia hivi: mashine haitafuti uchafu wake, inatafuta kinachomkohoza Kevine. Ikipumzika kabatini itasema nyumba hii haina kitu, majiko yatakwenda kwa wengine, na kwa mganga atarudi na karatasi inayosema mtoto anaumwa bila sababu.

Akamtazama Kevine. Akatazama kile kitambaa cha kung'aa kilichokuwa kinaungua.

"Rakini mimi nimekulia kwenye moshi," alisema.

"Hata mimi. Na huwa nakohoa."

Bado hakusogea. Ndipo nilipoona kwamba maneno yameisha, na shida ilikuwa ni heshima. Hawezi kuchukua mgeni akamwingiza moshini huku mgeni mwingine amekaa kochi. Nikakwenda kabatini, nikachukua kimashine, nikakitundika kwenye msumari. Kisha nikavuta kigoda, nikakaa jikoni.

"Oya, mama, oya!" alipiga kelele, yaani hapana. "Toka, utaharibu nguo!"

"Wageni tuko wawili. Tunakaa pamoja. Pika."

Akapika. Siku ile ilikuwa maharage na isombe, majani ya muhogo ya kutwangwa, na maharage ya kule hayana haraka kama ilivyo mishikaki yao. Macho yaliniwasha, kifua kikabana, mafua yakanishuka kama mtoto wa chekechea. Kevine alikaa karibu yangu hadi muda wa shule, na nilivyokuwa nimemshika mgongoni nilihisi kila pumzi ikikwaruza. Nilikaa sana kule ndani na niliogopa, nasema kweli. Nilizoea kuingia jikoni kwa watu, kutazama, kutoka. Sikuwahi kusubiri maharage yaive.

Vestine alipofika kwa saa aliyoijua yeye, alinikuta nalia machozi, akadhani kuna msiba. Nilipomwonyesha msumari akafumba macho, akaegemea ukuta.

Tulizunguka nyumba nyingine. Zote zikatukatalia kwa upole. Mzee Faustin alikuwa ameshavaa koti lake. "Majibu yako mazuri tayari," alisema, "sasa tuyaharibu kwa nini?" Vestine alimweleza kwa Kinyarwanda, kwa muda mrefu, na mzee aliitikia yego, yego, yaani ndiyo, kila mara, na mashine zikabaki sebuleni. Kwa Mama Kevine tu ndiko iliendelea kukaa jikoni.

Siku ya majibu

Ni desturi ya mradi kuwasomea watu majibu yao wenyewe kabla ya uamuzi. Walipanga mabenchi uwanjani. Daktari alikuja kutoka Kacyiru, wapangaji wakaja na nguo zao za kanisani, wengine zilizoshonwa na Mama Kevine. Majina hayatajwi, zinatajwa nyumba tu bila kusema ni ya nani, ili mtu asiaibike.

Vestine alisoma. Nyumba ya kwanza, hewa nzuri. Ya pili, nzuri. Kila ikisomwa, watu wanapiga makofi, na Mzee Faustin anatikisa kichwa kama mwalimu ambaye darasa lake limefaulu. Halafu Vestine akafika kwenye moja, sauti ikapungua. Akasema nyumba hii, kwa siku chache za mwisho, hewa yake ilikuwa mbaya kuliko jiko lolote walilowahi kupima Kigali.

Makofi yakakatika. Wakaanza kugeukiana.

"Ni nani anatuaibisha hivi?" mama mmoja aliuliza kwa nguvu.

Mzee Faustin akasimama, akasema hapa kwetu hakuna nyumba ya namna hiyo. Daktari akageuza karatasi zake. Akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba nyumba moja ikitofautiana na zote kiasi hicho, mara nyingi ni hitilafu ya mashine, na hitilafu huondolewa. Akachukua kalamu.

Nilikuwa najua, Vestine alikuwa anajua. Lakini tulikuwa tumeapa kutotaja nyumba ya mtu, na kiapo hicho ndicho kinachofanya watu watufungulie milango. Nilimtazama Mama Kevine. Alikuwa ameketi benchi la nyuma, Kevine kati ya magoti yake, uso umekauka. Nilimwona anataka kuinuka na anashindwa.

Akainuka.

"Ni kwangu," alisema.

Watu wakageuka wote.

"Si mashine imeharibika. Ni jiko yangu. Nawashaka na vitambaa, ile inabaki nikishona nguo zenu. Mimi ndiye wa mwisho, sawa, muandike." Akamshika Kevine begani. "Rakini mashine yangu ilikuwa jikoni. Zenu ziko saloni, juu ya kabati, na sisi wote tunajua. Mimi nimeshinda isuku pamoja na nyinyi, nikapiga makofi. Makofi haijamuponya Kevine. Na Mama Olive, wako naye anakohoa, namusikiaka kwa ukuta. Nani ingine? Museme, au mashine ndiyo iseme?"

Kevine akakohoa, akageuka kutafuta ukuta, hakukuwa na ukuta karibu, akaficha uso kwenye sketi ya mama yake. Kutoka benchi la mbele mtoto mwingine akakohoa. Mama Olive, yule yule aliyeuliza nani anawaaibisha, akainuka, akaingia kwake. Alitoka sebuleni na kimashine mkononi, akazunguka nyuma ya nyumba, na tukasikia sauti ya kitu kinatundikwa kwenye bati.

Daktari akafunika kalamu. Akasema wiki hiyo hakuna nyumba itakayofutwa, wote watapimwa upya.

Msidhani iliishia kwa nderemo. Wapo waliompita Mama Kevine jioni ile bila kumsalimia. Mzee Faustin alivua koti akaondoka nalo begani. Mimi nilimfuata Mama Kevine jikoni, nikamkuta amechuchumaa mbele ya jiko lililozimwa, mfuko wa mabaki ya vitambaa mapajani.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Miaka yote nasema ni baridi, nasema ni damu ya baba yake. Kumbe ni mimi nawasha."

Nilimwambia hakuna aliyejenga jiko lisilo na dirisha isipokuwa mwenye nyumba, na kwamba mkaa haukuchaguliwa na yeye. Maneno hayo ni ya kweli lakini hayakumfikia. Basi nikachuchumaa naye. Roho iliniuma mno, kwa sababu ni mimi niliyeleta ukweli ule, na mimi ndiye nitakayepanda basi na kuuacha kwake.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Mlango wa basi niliupata mara ya kwanza. Rusumo walinikagua na hawakukuta kitu cha kunizuia, nikakosa hata mtu wa kubishana naye. Mkanda ulikuwa mzima, lakini dereva alikuwa na shemeji Ushirombo, na shemeji huyo ana wali mzuri na hadithi ndefu, hivyo tulifika Kahama nikiwa nimeshiba na nimekasirika.

Vestine alinipigia juzi. Mistari ya uwanja ule sasa inapanda kila asubuhi na kila jioni, nyumba zote. Gesi imefika. Mzee Faustin, ambaye nilidhani amenuna moja kwa moja, amekuwa akimfuata mwenye nyumba kila siku hadi madirisha ya majiko yamekatwa, na ameanza kuyakagua.

Nikamuuliza kuhusu Kevine. Akasema bado anatumia dawa za kliniki, bado anakohoa akikimbia, lakini usiku hakohoi tena. Analala hadi asubuhi.

"Na mama yake?"

Mama Kevine, Vestine alisema, bado anaamka usiku saa zile zile za kikohozi. Anaketi kitandani, anainama juu ya mtoto, anasikiliza, kwa sababu hajauzoea ule ukimya na anaogopa maana yake.